Jina la Silabi Mbili

Siku Oleta Sudberry alipoitwa Nashville kutoa ruhusa ya wimbo, alivaa viatu alivyomzikia mwanawe, kwa kuwa hakuwa na vingine vya kutokea. Vilimbana vidole. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na maisha yake yote ya kazi alikuwa akishinda na raba. Binti yake Tressa alifika kumchukua saa mbili asubuhi, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mama, umependeza." Oleta alijua anadanganywa, lakini uongo wa namna hiyo haumchukizi mzazi.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza la mbao, kama zilivyo nyingi katika mtaa ule wa wanamuziki. Aliyewapokea alikuwa Gaylon Tidwell, mwanamume mnene, mpole, mwenye kazi ya kuwatafutia waimbaji nyimbo. Tressa alikuwa akimwandikia nyimbo kwa mshahara wa mwezi, mwaka wa sita sasa, na katika miaka hiyo nyimbo zake tatu tu ndizo zilizoimbwa na mtu anayejulikana, na hata hizo zilifia njiani.

"Bi Oleta! Mwandishi wetu mpya!" Gaylon alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Hakuwa anatania. Kwa desturi ya mji ule, aliyekuwemo chumbani wimbo ulipozaliwa ana fungu lake, hata kama aliingia kuchukua chumvi. Na Oleta alikuwemo. Ilikuwa Jumapili, jikoni kwake, Tressa kakaa na gitaa akihangaika na wimbo wa kaka yake uliogoma kutoka. Oleta alikuwa anamenya viazi. Bila kuinua kichwa alisema, "Wendell, taa ya barazani bado inawaka." Hakuwa anatunga chochote. Alikuwa anamwambia marehemu habari za nyumbani, kama alivyozoea kufanya akiwa peke yake, maana taa ile haikuwa imezimwa hata siku moja tangu wamzike. Tressa alilia, kisha akaandika, na maneno yale yakawa kiitikio. Kwenye karatasi aliandika majina mawili, lake na la mamake, nusu kwa nusu.

Kwa miaka miwili Tressa aliuimba wimbo ule kwenye baa, mbele ya watalii waliokuwa wanaongea. Aliurekodi kwa pesa yake, akaupeleka kwenye stesheni sabini za redio, na mbili zikaupiga, moja ikiwa saa kumi alfajiri. Halafu Rhett Mabry akausikia. Rhett Mabry, yule ambaye picha yake ilikuwa mpaka kwenye mifuko ya chakula cha mbwa. Akaushika. Wimbo ukishikwa na staa hupaswi kumpa mtu mwingine, na yeye halipi hata senti kwa kuushika, mnangoja tu. Walingoja miezi tisa. Sasa alikuwa tayari kuingia studio, ila kulikuwa na jambo dogo, neno moja tu.

"Neno gani?" Oleta aliuliza.

Gaylon alijikohoza. "Wendell."

Tressa alikuwa anajikwaruza rangi ya kucha.

"Anataka kuweka 'Baba'," Gaylon aliendelea. "'Baba, taa ya barazani bado inawaka.' Silabi mbili kwa silabi mbili, Bi Oleta. Hata gitaa halitajua."

"Mimi nitajua."

"Najua utajua, mama yangu." Alisogeza kiti karibu. "Nikwambie kitu ambacho nimekijua kwa miaka thelathini ya kazi hii. Wimbo unaovuma huwa una kiti kitupu katikati. Msikilizaji anaingia, anakaa, analia mambo yake. Huu wenu ni mzuri kuliko zote nilizozisikia mwaka huu, Mungu ni shahidi, lakini kitini ameshakaa mtu. Dereva wa lori huko Oklahoma anasikia 'Wendell', anajiuliza, Wendell ndiye nani?"

"Ni mwanangu."

"Naam. Lakini yeye hamjui."

"Basi kama si Wendell, kwa nini huyo bwana asitafute wimbo wake?"

"Kwa sababu huu ni wake. Subiri, usikasirike. Rhett alimzika baba yake mwezi wa pili. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni amebeba jeneza, mvua inamnyeshea. Akifungua mdomo tu akasema 'Baba', watu wameshaanza kulia kabla ngoma haijaingia. Angeuimba mwingine usingefika popote. Tressa kauimba, umefika wapi? Na Tressa anaimba kuliko Rhett, yeye mwenyewe Rhett anakiri. Lakini nyinyi mlimzika Wendell, nani aliona?"

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma. Oleta alihesabu kichwani walioona. Walikuwa thelathini na mmoja, pamoja na mchungaji na yule kijana wa kampuni ya mazishi.

"Mwambie na lile la pili," Tressa alisema, bila kuinua macho.

"Ah. Kwa kubadili neno, naye anaandikwa mtunzi. Theluthi."

"Neno moja?"

"Neno moja, theluthi moja. Ndivyo kulivyo, Mama," Tressa alisema.

"Kumbe! Basi mimi nikipita kwa jirani nikamtilia chumvi kwenye mboga, nidai sufuria."

Gaylon alicheka mpaka akafuta macho, akasema hilo nalo ni wimbo, mtu aliandike. Oleta hakucheka. Alikuwa na ombi, lililomjia pale pale alipokuwa amekaa. Alisema yeye si mtu wa mambo haya, hataki kuwaharibia riziki vijana, hasa Tressa. Ila alitaka wamwimbe Wendell japo mara moja, huko huko studio, na huyo Rhett alitamke jina kwa mdomo wake. Pengine wakilisikia likiimbwa na mtu anayesikilizwa, wataliacha.

"Tunaweza kuurekodi namna zote mbili," Gaylon alisema, "halafu tuone ipi inakaa vizuri."

"Mtafanya hivyo?"

"Tutajaribu zote mbili, Bi Oleta."

Tressa alitazama zulia. Kule Oleta anakotoka, mwanamume akisema atajaribu kukuletea nguzo za uzio, kesho yake utazikuta zimelala getini. Aliomba kalamu, akaweka jina lake pale alipoonyeshwa.

*

Ndani ya gari alivua viatu, akaweka miguu juu ya zulia lililojaa makombo ya viazi vya kukaanga.

"Kwa nini usiimbe wewe?" aliuliza. "Si wa kwako?"

"Mama, tusianze."

"Nauliza tu. Huyo mtu anasema unaimba kumshinda staa wake. Sasa kwa nini?"

Tressa aliendesha mpaka wakatoka mjini. "Nina miaka thelathini na sita," alisema. "Redio hizi hazipigi wanawake wawili mfululizo, ni kama mwiko. Nafasi ni moja, na haijawahi kuwa yangu. Mwanamume akiimba mtu wake kafa kwa vidonge, ni jasiri. Nikiimba mimi, wananiambia niongeze kitu cha kuchangamsha."

"Lakini watajaribu zote mbili. Kasema."

"Ndiyo, Mama. Kasema."

Hapo palikuwa mahali pa kumwambia. Barabara ilikuwa nyeupe, wako wawili tu, na kilichohitajika ni sentensi moja. Tressa aliongeza sauti ya kiyoyozi, akauliza kama watapita kununua kuku.

Hoyt, mume wa Oleta, alikuwa sebuleni kalala sakafuni, maana kitanda kilimuumiza. Aliendesha malori miaka ishirini na sita mpaka mgongo ukakataa, na tangu hapo serikali ilimlipa kidogo kila mwezi na daktari akampa vidonge vikali vya maumivu. Hakuwahi kuusikiliza wimbo wa Wendell mpaka mwisho. Ukianza, yeye hutoka nje kuangalia kitu kwenye gari.

"Kwa hiyo mmeuza," alisema.

"Hatujauza. Watauimba namna mbili, halafu waamue."

"Ili iweje?"

"Ili jina lake libaki, Hoyt. Watu walisikie. Si alikuwa mtu?"

Hoyt aligeuza uso upande wa kochi. "Jina la mtu likae kwenye jiwe lake," alisema. "Umeleta kuku?"

*

Oleta hakuwa mtu wa kujisifu, na labda ndiyo maana aliposhikwa na kiburi mara moja maishani hakujua namna ya kukibeba. Aliwaambia wapishi wenzake. Akamwambia mwalimu mkuu. Akamwambia mwanamke wa benki ambaye siku zote alikuwa akimhudumia huku anatafuna ubani, na mwanamke yule aliacha kutafuna. Wote aliwaambia maneno yale yale, kwamba Rhett Mabry atamwimba Wendell wake kwa jina. Waliokuwa wamevuka barabara wasikutane naye mwaka ule wa msiba, kwa sababu kifo cha vidonge huwa kina aibu yake, sasa walimwita "Bi Oleta" na kumuuliza lini.

Ilikuwa Septemba. Redio ya jikoni shuleni ilikaa juu ya jokofu la maziwa, na saa nne na nusu asubuhi, mikate ya mahindi ikiwa tayari na watoto bado darasani, mtangazaji alisema sasa ni zamu ya wimbo mpya wa Rhett Mabry, "Taa ya Barazani", na kwamba wenye mioyo miepesi waegeshe magari pembeni.

"Nyamazeni!" Oleta alisema. "Zima hiyo feni! Nadine, zima feni!"

Nadine alizima. Walikuwa wapishi watano, kila mmoja na wavu wake wa nywele, wakasimama pale walipokuwa na walichokuwa wameshika. Shanda, mdogo kuliko wote, aliweka mkono begani kwa Oleta. Ubeti wa kwanza ulikuwa wenyewe, maneno ya Tressa, hakuna lililoguswa: buti mlangoni, mbwa anayesubiri, simu isiyolia. Sauti ya Rhett Mabry ilikuwa nzito na imechoka vizuri. Oleta aliinua kidole.

"Sasa," alinong'ona. "Sasa linakuja."

*Baba*, akaimba Rhett Mabry, *taa ya barazani bado inawaka.*

Kidole kilibaki juu. Mtu aliweka kijiko mezani polepole ili kisilie.

"Labda kiitikio cha pili," Nadine alisema. "Wakati mwingine huwa wanabadilisha cha pili."

"Ndiyo," Oleta alisema. "Walisema namna mbili."

Wakasubiri kiitikio cha pili. Wanawake watano wazima walisimama wakingoja jina la kijana mmoja litoke kwenye redio, na chakula kilikuwa kinapoa. Kikaja na Baba. Kisha gitaa likalia peke yake, refu, na kila mmoja alijua kuna kiitikio kimoja bado, na sasa walikuwa wanaomba, kwa kweli, kila mmoja kwa Mungu wake, ingawa ilikuwa Jumatano tu. Kikaja na Baba, mara mbili, na violini.

Shanda alikuwa analia. "Samahani, Bi Oleta," alisema. "Samahani. Ni baba yangu tu nimemkumbuka."

"Ni wimbo mzuri, shoga," Nadine alisema, naye akijifuta kwa aproni. "Hilo huwezi kukataa. Mzuri mno."

Kengele ikalia, watoto wa darasa la kwanza wakaanza kuingia kwa mstari. Oleta aliwasha feni mwenyewe, akachukua upawa, akaanza kugawa maharage. Mwalimu mkuu aliingia mbio akipiga makofi, akawaambia watoto wampigie makofi Bi Oleta, kwa kuwa wimbo wa mwanawe umepigwa redioni. Watoto wakapiga. Akasema asante.

Alimpigia Tressa simu akiwa kwenye maegesho ya shule, aproni bado mwilini.

"Ulijua."

Tressa hakuuliza ni nini. "Mama..."

"Pale pale ofisini ulijua."

"Kila mtu katika mji huu anajua. Wakisema wimbo wako wanaupenda sana, maana yake hawautaki. Wakisema watajaribu zote mbili, maana yake wameshachagua. Ni adabu tu, Mama. Ndivyo wanavyosema hapana bila kukutazama."

"Mimi si wa mji huo."

"Najua."

"Basi kwa nini hukuniambia wewe, ambaye ni wa nyumbani kwangu?"

Tressa aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. "Kwa sababu ungekataa. Na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa saba. Nisingekuwa na hata huu, Mama, ningerudi kuja kukaa kwenye chumba cha Wendell."

Oleta alitaka kumwambia kwamba hilo lisingekuwa baya. Alikata simu bila kulisema, na kwa siku nyingi baadaye alijuta.

*

Wimbo ukavuma. Ulipanda ngazi zote, ukakaa juu kabisa majuma sita, ukapigwa kwenye harusi na mazishi na kwenye matangazo ya bima. Kwa desturi ya pale, wimbo ukifika namba moja watunzi wanafanyiwa sherehe mchana kweupe, wanapewa ngao ya ukutani, na watu wa redio wanakula kamba wa kukaanga bure. Oleta alikwenda, kwa sababu kutokwenda kungemtia aibu Tressa. Kwenye ngao yake waliandika Olita.

Rhett Mabry alikuwa mtu mwema. Hilo lilimkera Oleta kuliko yote, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kumchukia. Alikuja moja kwa moja, akavua kofia, akainama kidogo kama kijana aliyelelewa.

"Mama," alisema, "sijui nikushukuru vipi. Ile taa. Mzee wangu naye alikuwa ananiwashia. Hata nikichelewa namna gani, naikuta." Macho yakamlowa, machozi ya kweli, si ya picha. "Wewe ulikuwa unamfikiria nani ulipoliandika lile neno?"

"Wendell."

"Mungu amrehemu. Mlikaa naye miaka mingi kwenye ndoa?"

Oleta alifungua mdomo. Mtu wa picha alikuwa ameshamshika Rhett kiwiko, wanamhitaji upande wa pili, mwenye stesheni kubwa amefika. Rhett alimbusu Oleta shavuni, akaenda akimwambia yule mtu wa picha, "Umemwona? Mjane wa watu."

Tressa alikuwa amesimama karibu na ngao yake, kashika soda. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda, ukiutazama kwa mbali.

"Umekula, mwanangu?" Oleta aliuliza.

"Nimekula." Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Jana niliuimba kule baa. Nikaweka Wendell. Mtalii mmoja alikuja baadaye akatia dola kwenye chupa, akaniambia sauti ninayo, ila nijifunze maneno."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha hata chembe, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba Oleta alimshika binti yake mkono. Hakukuwa na la kusamehe tena. Wote wawili walikuwa wameibiwa na mtu ambaye hakuiba.

*

Akiwa anarudi kutoka kazini siku moja ya Februari, Oleta aliikuta gari ya Hoyt imewashwa uani, na Hoyt ndani. Alidhani mgongo umemkamata akashindwa kushuka. Alifungua mlango. Redio ilikuwa inaimba, na Hoyt Sudberry, ambaye kwenye mazishi alisimama kama nguzo na hakutoa hata kamasi, alikuwa ameinamia usukani analia kwa sauti.

"Usizime," alisema.

Oleta akapanda upande wa pili. Wakausikiliza mpaka mwisho. Mtangazaji alipoanza kuongea, Hoyt alipunguza sauti.

"Ule wenu nilikuwa siuwezi," alisema. "Wewe ulidhani sitaki. Nikisikia Wendell, kifua kinafunga. Unajua vile vidonge vya kwanza alivitoa wapi."

Oleta alijua. Alivitoa kwenye kichupa cha baba yake, juu ya sinki. Kwa miaka minne neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile.

"Lakini huyu akisema 'Baba'," Hoyt alisema, "ni yeye, Oleta. Naona ni yeye ananiita. Ananiambia taa inawaka, nije. Hajakasirika." Alijifuta uso kwa mkono mzima. "Nimeusikia mara ngapi, sijui. Namngoja kila siku saa hizi, huwa wanaupiga."

Gaylon Tidwell alikuwa na haki, basi. Kiti kilikuwa kitupu, na aliyekwenda kukikalia ni mume wake mwenyewe. Oleta alitaka kupiga kelele kwamba ni yeye aliyeyasema maneno yale, akiwa na viazi mkononi, kwa mtoto wake, na kwamba mtoto yule alikuwa na jina. Badala yake alimpapasa Hoyt mgongo, pale panapouma. Alikuwa hajamwona mumewe akipumua vizuri namna ile kwa muda mrefu. Kumnyang'anya kungekuwa ukatili, na yeye hakuwa mkatili. Kwa hiyo alibaki na jina peke yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

*

Mwezi wa tano, kila mwaka, kanisa lao lina Jumapili ya kupamba makaburi. Watu wanakuja na mafyekeo na maua ya hariri, wanasafisha mawe ya jamaa zao, kisha wanakula pamoja uwanjani: kuku wa kukaanga, maharage mabichi, mayai ya kujaza, keki za nazi. Mwaka ule walikuja wengi. Baadhi walitoka wilaya ya jirani, kwa kuwa habari zilienea kwamba mama wa wimbo wa taa ni wa hapa.

Tressa alikuwa amerudi nyumbani mwezi mmoja uliopita, kwenye chumba kile kile. Kampuni ilimtaka aandike nyingine kama ile, akaandika kumi na moja, na zote walizipenda sana.

Baada ya chakula, mchungaji, Ndugu Coy, aliwakusanya watu karibu na kaburi la Wendell. Hakumwomba Oleta ruhusa, alikuwa anamtunuku. Alisema Bwana ameinua wimbo kutoka katika kanisa lao dogo na kuupeleka katika taifa zima, na sasa kwaya itamwimbia dada yetu, na kila anayeujua aimbe. Watoto walisukumwa mbele. Hakuna aliyehitaji karatasi.

Oleta alisimama kwenye ukingo wa kaburi, Hoyt kulia kwake, Tressa kushoto. Jiwe lilikuwa safi. Alilisugua mwenyewe asubuhi kwa brashi ya jikoni, herufi kwa herufi. Ubeti wa kwanza ulipoanza aliamua. Hapa halikuwa suala la redio wala la Oklahoma. Hapa alikuwepo mwenyewe, futi sita chini, na mama yake ni mzima na ana sauti. Kiitikio kikifika, yeye ataimba Wendell, kwa nguvu, hata akiwa peke yake, hata wakimgeukia wote, Hoyt naye atamsamehe. Alimtazama Tressa, na Tressa akaelewa, akatikisa kichwa kukubali. Wataimba wawili. Alivuta pumzi mpaka bega likapanda.

Sauti mia mbili ziliinuka pamoja, za wazee, za watoto wa darasa la kwanza aliowalisha maharage, na ya Hoyt mbovu ikikwaruza pembeni. Oleta alifungua mdomo mkubwa, akaimba kwa moyo wake wote, na alichokisikia kikitoka ni Baba.

Alimgeukia Tressa. Tressa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kwa maana na wake ulikuwa umesema hivyo hivyo.

Wimbo uliendelea. Hoyt aliinama sikioni kwa mkewe, machozi yakimchuruzika, akamshika mkono akaubana. "Ahsante," alisema. "Nilikuwa naogopa utasema lile jingine."